Bolti nzuri, kaunta mbovu

"Kwani mzee, hii bolti inaenda kuchukua kitambulisho?"

Hivyo ndivyo nilivyojibiwa nilipouliza cheti cha bolti dukani. Nimeliweka neno hilo juu kabisa kwa sababu ndilo lililonifanya niandike maoni haya ya duka. Kijana wa kaunta alikuwa na simu mkono mmoja, waya wa muziki sikio moja, na aliyasema hayo bila kuinua macho. Nyuma yangu palikuwa na wateja wengine wanne. Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikijifanya mtu mzima asiye na neno. Lakini nilitoka pale na mfupa wa mbuta kooni, na haujatoka hadi leo.

Duka silitaji. Liko Kisumu, na fundi yeyote wa ukanda huu aliyewahi kutafuta bolti ya kukaa motoni amesimama kwenye kaunta hiyo, maana maduka mengine yote yatakuuzia bolti ya lori na kukuapia kwamba ni ile ile.

Mimi ni fundi wa kibarua. Miwa ikipungua na kiwanda kikizimwa, tunaitwa kuingia ndani ya boila kurekebisha kilichooza. Boila za huku zinakula makapi ya miwa, na aliyeingia ndani ya moja hata ikiwa imepoa siku nne anajua kwamba joto linabaki limejificha kwenye matofali. Unaingia kwa tumbo, taa kichwani, majivu mpaka kwenye meno. Huko ndani kuna mabomba yanayopitisha mvuke ukaongezewe moto. Mabomba yanashikwa na klempu, klempu zinashikwa na bolti. Sasa, bomba angalau lina mvuke ndani yake unaolipoza. Klempu na bolti hazina wa kuzipoza. Zinakaa pale zikiangaliana na moto msimu mzima.

Zamani tulikuwa tunafunga B7, bolti za chuma kigumu, zile za flenji (viungio) za mabomba ya mvuke. Si bolti mbaya, ila kuziweka ndani ya tanuri ni kuzionea. Joto linazivua nguvu, halafu zinavaa magamba. Tukahamia stenlesi ya kawaida. Nafuu kidogo, lakini majivu ya makapi yana potasiamu, na chumvi zake zikinata kwenye chuma chenye moto zinatafuna ile ngozi nyembamba inayokikinga. Kila tukifungua boila, kichwa cha bolti kinameguka kwenye spana kama mandazi ya juzi. Klempu inaanguka, bomba linaanza kutikisika, na bomba likitikisika miezi kadhaa, mnajua linapoishia.

Injinia wa kiwanda akachoka. Akasema safari hii nikeli. Akanipa oda: bolti 24 na nati zake, aloi ya 625, yaani mchanganyiko wa metali ambao sehemu kubwa yake ni nikeli. Utaratibu wao ni huu: unanunua kwa pesa yako, unaleta bolti, cheti na risiti, ndipo unarudishiwa. Vitu vitatu. Kimoja kikikosekana, mtu wa stoo anakunja karatasi zako na kukuambia urudi wiki ijayo.

Bei ilikuwa shilingi 3,800 kwa bolti moja na nati yake. Hesabuni: 91,200. Bolti yenye urefu wa kidole changu cha kati kwa bei ya kuku watatu wa kienyeji. Nililipa kwa simu, nikaona salio langu likinywea, nikauliza cheti. Na jibu mnalijua.

Cheti chenyewe si makuu. Kila kundi la chuma linapoyeyushwa kiwandani hupewa namba, chuma kikapimwa kina nini ndani, na matokeo yakaandikwa kwenye karatasi. Ile tunayoidai kwa kazi za aina hii inaitwa 3.1, na mkaguzi anayeisaini anatoka kwenye kiwanda chenyewe lakini si mtu wa idara iliyotengeneza, ili asijipe maksi mwenyewe. Namba iliyo kwenye karatasi unailinganisha na ile iliyogongwa kichwani mwa bolti. Zikifanana, unalala usingizi. Bila hiyo karatasi, bolti ya nikeli na bolti ya stenlesi ni mapacha; zote zinang'aa, na hakuna jicho la binadamu litakalozitofautisha.

"Cheti kitatumwa," akasema hatimaye, nilipokataa kuondoka. Kitatumwa. Niliondoka na bolti zangu kwenye mfuko wa nailoni uliokwisha kutoboka.

Sasa tufike kwenye balaa.

Msaidizi wangu ni kijana mwepesi, mchapa kazi, lakini anapenda mashine yake ya impakti, ile inayofunga bolti kwa kasi na kishindo, kuliko anavyompenda mchumba wake. Siku ya kufunga, mimi nilikuwa nje nikibishana na watu wa jukwaa. Nikasikia bolti ya kwanza imeingia vizuri, trrrrr. Ya pili ikaingia nusu, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikanyamaza. Ya tatu hivyo hivyo. Ya nne. Alipofika hapo nilikuwa nimeshaingia kwa tumbo, nikampokonya ile mashine.

Nati haiendi mbele. Nati hairudi nyuma. Nikachukua spana, nikaongeza kipande cha bomba kwenye mpini nipate nguvu. Bolti na nati vikazunguka pamoja, vimekumbatiana kama watu wawili kwenye rumba. Nilijaribu mafuta, nikajaribu kugonga, nikajaribu kuomba. Mwisho ni grainda. Na hapo ndipo nilipoanza kulia kwa ndani, kwa sababu chuma hiki ukikisugua kinazidi kuwa kigumu pale pale unaposugua. Diski mbili kwa bolti moja, umelala chali, cheche zinakurudia shingoni. Bolti tatu, saa tatu nzima. Shilingi 11,400 zikageuka vipande.

Mawazo yaliyonijia ni yale ambayo yangemjia yeyote kati yenu: nimeuziwa bandia. Ndiyo maana hakuna cheti! Usiku ule niliandika maneno ya duka hilo kwenye simu, nyota moja, na lugha ambayo mama yangu angenichapa kwayo. Bahati nzuri mtandao ulikuwa umekatika.

Kesho yake nikapanda matatu na kipande kimoja kimefungwa kwenye leso, hadi Kibuye, kwa mzee wa jua kali aliyekuwa kwenye kazi hii tangu mimi nikiwa wa kushikilia tochi.

"Jaduong'," nikamwambia, "niangalizie hiki. Ni nikeli ama nimeibiwa?"

Hakujibu. Aliweka sumaku, haikushika. "Hiyo haisemi kitu," akasema, "hata stenlesi haishiki." Akawasha jiwe la kunolea, akakiegemeza kipande cha msumari mkubwa kwanza. Cheche zikaruka ndefu, nyeupe, zenye matawi, kama fataki za mwaka mpya. Halafu akaweka kipande changu. Karibu hakuna kitu. Vicheche vifupi vyekundu, vichache, vinazima kabla ya kufika kwenye goti lake. Akaweka tena, tukatazama tena, vichwa vyetu viwili vikiwa karibu kugongana.

"Wuoda," akasema, "hiki kina nikeli nyingi. Bolti ni nzuri. Aliyeifunga ndiye mbaya."

Sikuridhika. Nilikuwa nimebeba hasira yangu kutoka mbali, siwezi kuiweka chini kwa jiwe moja la kunolea. Jioni nikaazima mizani ya mama jirani anayeuza omena, ile ya kidijitali. Nikapima bolti kumi za stenlesi za ukubwa ule ule: gramu 690. Nikapima kumi za duka lile, ambazo hazikuwa zimefungwa bado: gramu 733. Nikeli ni nzito kuliko chuma cha kawaida, na 625 inaizidi stenlesi kwa kama asilimia sita. Ilikuwa pale pale. Mama akaniuliza kama siku hizi bolti zinauzwa kwa kilo.

Kwa hiyo si bandia. Mnaona nilivyobaki? Mtu mwenye hasira na asiye na wa kumpelekea.

Lakini nilirudi dukani hata hivyo, na ile rumba yangu ya bolti na nati kwenye leso. Kijana yule yule, waya ule ule sikioni. Akaitazama kwa sekunde mbili.

"Hii umeharibu mwenyewe, mzee. Nani alikuambia nikeli inafungwa na impakti? Na umefunga kavu."

Nirudie hapo polepole. Alikuwa anajua. Huyu kijana alikuwa anajua kila kitu! Kwamba thredi za nikeli, yaani ile mizunguko ya bolti na nati, zikisuguana kwa kasi, ile ngozi inayokinga chuma inachubuka, chuma kitupu kinakutana na chuma kitupu, vinashikana bila moto wala welding. Kwamba unapaka dawa yake, unafunga kwa mkono, taratibu, na ukihisi inaanza kukaza kabla ya wakati unasimama na kurudi nyuma. Na dawa yenyewe, ile yenye unga wa nikeli, ilikuwa kwenye rafu nyuma ya kisogo chake. Aliniuzia mali ya elfu tisini na ushee, akapata muda wa kunifanyia kichekesho cha kitambulisho, lakini hakupata muda wa kusema maneno matatu: funga kwa mkono.

Nilinunua mkebe wa dawa. Nilinunua nikiwa nimenuna, lakini nilinunua. Ndiyo, na mimi nina makosa. Fundi wa umri wangu alipaswa kujua. Nimefunga stenlesi miaka mingi, nazo huumana vivyo hivyo, ila nilidhani chuma cha bei hii kinajitunza chenyewe. Haya, nimekiri. Bado alipaswa kusema.

Na kwa kweli nusura niharibu mara ya pili. Kwenye sanduku langu nilikuwa na grisi nyeusi ya moli, yaani yenye unga wa molibdeni, nikawaza kwanza niitumie hiyo, nihifadhi mkebe mpya. Nikampigia rafiki yangu wa upande wa Nakuru, aliyezeekea kwenye mabomba ya mvuke wa ardhini kule Olkaria, ambako wamekuwa wakizalisha stima tangu 1981 na mvuke wenyewe unakuja na gesi inayonuka mayai viza. Alipiga kelele kwenye simu. Omera, usithubutu! Moli ina salfa ndani yake, na salfa ikikutana na nikeli kwenye moto mkali inazaa kitu kinachoyeyuka kwenye digrii 640 hivi, wakati aloi yenyewe haiyeyuki mpaka ikaribie 1,300. "Utakuwa unaipaka bolti sumu kwa mkono wako." Akaniambia pia nisizikaze kupita kiasi, kwa sababu klempu zetu ni za stenlesi, na stenlesi ikipata moto inavimba kuliko nikeli, boila ikiwaka, klempu itajikaza yenyewe kwenye bolti. Simu ya dakika sita, bure, ikanifundisha kuliko kaunta niliyoilipa.

Tukasafisha thredi kwa brashi ya waya na kitambaa, tukapaka, tukafunga kwa mkono. Ile impakti niliifungia kwenye gari. Zote 21 zikaingia kama kidole kwenye asali. Mahali pa zile tatu zilizokufa nikaweka stenlesi za muda, kwa sababu siku ya kuwasha ilikuwa imefika na injinia alikuwa anatembea huku na huku akiangalia saa.

Akazipokea bila cheti, kwa shingo upande. Lakini mtu wa stoo alikataa kulipa. Na ninamwelewa, ningekuwa yeye ningekataa. Nikapiga simu dukani. "Kitatumwa." Nikapiga baada ya wiki. "Mwenye kutuma ametoka." Nikapiga tena mpaka nikachoka. Msimu mzima wa kusaga miwa, 91,200 zangu zikiwa zimekaa ndani ya boila ya watu, na karo za watoto zinakuja bila kuuliza kama umelipwa.

Boila ikazimwa tena, juzi juzi hapa, mvua zikiwa zinaanza. Nikaingia kwa tumbo.

Hapa ndipo mtanisamehe, kwa sababu nataka kusifu. Nilianza na zile tatu za stenlesi. Ya kwanza ilikuwa imevaa magamba meusi, nikaigusa kwa spana, kichwa kikatoka kizima mkononi. Ya pili haikuwa na kichwa cha kutoka. Nikahamia kwa jirani yake, nikeli, shubiri mbili tu kutoka pale, moto ule ule, majivu yale yale. Ilikuwa imegeuka rangi, bluu inayoelekea kahawia, kama shingo ya njiwa. Nikaifuta kwa kidole gumba na ile namba kichwani ikasomeka. Nikaweka spana, nikavuta kidogo, ikaguna, ikalegea. Na baada ya hapo, nawaapia, nati ilitoka kwa vidole. Vidole vyangu, ndani ya boila, baada ya msimu mzima. Nilibaki nimelala pale naizungusha mbele na nyuma kama mtoto na kifuniko cha chupa mpaka msaidizi akaniita kuuliza kama nimezimia.

Nyota tano. Pale pale ndani ningekuwa na mtandao ningeandika tano. Kama una kazi ya moto na kutu na unasitasita kwa sababu ya bei, acha kusita. Hesabu saa za grainda, hesabu siku ambazo kiwanda kinakaa kimezima.

Nilihitaji tatu za kukamilisha. Nikarudi Kisumu nikiwa na roho nyeupe, nimekusudia hata kumsalimia yule kijana. Hakuwepo, alikuwa ametoka kunywa chai. Kwenye kaunta alikuwa mama mwenye duka, ambaye sikuwahi kumkuta. Nikamsalimia, nikamweleza ninachotaka, na kwa mazoea tu, bila matumaini, nikasema, "Na cheti chake, mama, kama kipo."

"Kipo, baba. Kwa nini kisiwepo?"

Akavuta droo. Ile droo iliyo chini ya kaunta, pale pale ambapo tumbo la kijana huegemea kila siku. Akaondoa kitabu cha risiti, akaondoa kikokotoo, akatoa faili ya bluu. Ndani kulikuwa na cheti. Cha kundi lile lile. Nilitoa bolti yangu ya zamani mfukoni nikalinganisha namba, herufi kwa herufi, na mikono yangu ilikuwa inatetemeka. Hakikuwa kimetumwa kwa sababu hakikuwa na pa kutoka. Kilikuwa hapo. Siku ile nilipochekwa, kilikuwa kama mkono mmoja kutoka kwenye tumbo langu, upande wa pili wa ubao.

Sikumfokea mama. Hakunikosea. Alinitolea nakala, akagonga muhuri, akaniomba msamaha mara mbili, akanipunguzia mia tatu kwenye jumla. Ni mtu wa heshima na duka lake lina mali safi. Kijana akarudi wakati ananifungia, meno bado yana chapati, akaambiwa aandike risiti. Akaandika. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua nyota nne. Bolti tano, mama tano, kijana sifuri, dawa iliyofichwa rafuni moja. Ukichanganya na kusamehe kidogo unapata nne. Nikapanda gari, nikapita Ahero nikiwa nimefurahi, nikafika stoo ya kiwanda, nikaweka mezani bolti tatu, cheti, na risiti. Mtu wa stoo akasoma cheti kwa makini, akatikisa kichwa kukubali. Akatia saini ile 91,200 ya zamani. Kisha akachukua risiti mpya, akaisogeza kwenye mwanga, akaigeuza kuelekea kwangu bila kusema neno.

"Bolti stenlesi, 3."

Nyota mbili. Kesho asubuhi niko Kisumu tena, na nauli ni yangu.